Kigingi

Bunia, Jumatatu 6 Januari 2025

Mwaka nimeufungua kwa makaratasi. Nakala za karatasi zangu za biashara, RCCM, Id. Nat. na namba ya kodi, tatu tatu, kila seti na bahasha yake, maana hakuna shirika litakalompa mtu kazi ya siku nne bila kuyaona hayo kwanza. Majirani hapa Nyakasanza wakiniona natoka asubuhi na begi mgongoni hudhani nimeajiriwa mahali. Sijaajiriwa. Nalipwa siku ninazosimama mbele ya watu kufundisha kompyuta tu. Siku za kuandaa kozi, za kungoja jibu na za kufuatilia malipo hazimo kwenye ankara yoyote.

Kalenda ya ukutani ina alama za biki nyekundu: siku nne Januari kwa wauguzi wa vituo vya afya, siku sita Februari na tano Machi kwa vijana watakaokusanya takwimu kambini kwa programu ya KoboToolbox. Siku kumi na tano zimeahidiwa na mwezi haujatimiza hata wiki. Tangu nilipoanza kujitegemea mwaka 2021 sijawahi kuuanza mwaka hivi. Nimemwambia mdogo wangu kwamba ifikapo Aprili tutakuwa tumemaliza deni la pikipiki yake.

Begi liko tayari: kompyuta, prizi ndefu ya mita tano, kle mbili za USB (ya kupokea mafaili ya watu na ya kutoa ya kwangu, hazichanganywi kamwe), na karatasi ya vibandiko vya herufi. Vibandiko ndivyo vinavyookoa asubuhi ya kwanza ya kila kozi. Sisi tumesoma kwa Kifaransa, na aliyejifunza kuchapa shuleni vidole vyake vinajua AZERTY. Lakini kompyuta nyingi za Bunia zimepitia Kampala, kibodi zake ni QWERTY na menyu zake ni za Kiingereza. Mtu anabonyeza pale vidole vinapoijua A, inatoka Q. Nywila inakataliwa mara tatu, anainua mikono na kusema ameisahau, kumbe hajasahau kitu. Nimeona watu wazima wenye diploma wakiona haya mbele ya wadogo wao kwa sababu ya herufi mbili tatu zilizohama. Kazi yangu huanzia hapo, kumwonyesha mtu kwamba si yeye aliyekosea.

Jumanne 14 Januari

Siku ya pili ya wauguzi. Watu kumi na wawili, kompyuta saba, jenereta moja.

Kuna Papa mmoja, muuguzi mkuu wa kituo kilichoko njia ya Kasenyi, anayekaribia kustaafu. Alikuja na rejista ya uzazi ya Desemba, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kama Biblia. Akaingiza uzito wa watoto wote, mmoja mmoja, kwa kidole kimoja: 3,250, 2,980, 3,400. Sisi hapa tunaandika kama tulivyofunzwa kwa Kifaransa, mkato ndio unaotenga kilo na gramu. Kazi ilipendeza, kila tarakimu kwenye kioo ilifanana na tarakimu ya kwenye rejista. Kisha nikawaonyesha namna ya kuiuliza kompyuta: ni watoto wangapi waliozaliwa chini ya kilo mbili na nusu? Ikajibu: sifuri.

Wengine wakaandika sifuri na kuendelea. Papa akavua miwani.

“Mwalimu, masini inasema uongo. Mwezi wa Desemba nilipokea watoto wanne wadogo kwa mikono yangu hii. Mmoja tulimfunga kifuani kwa mama yake siku tisa.”

Nikasimamisha darasa. Kompyuta ile ilikuwa na mipangilio ya Kiingereza, na kwa Kiingereza mkato hutenga maelfu. Papa aliandika kilo tatu na gramu 250, yenyewe ikasoma kilo elfu tatu mia mbili hamsini. Ikazionyesha tarakimu zilezile kwa sura ileile, na jicho haliwezi kuona tofauti. Hakuna alama nyekundu wala onyo. Ingekuwa kosa linalopiga kelele ningelipata dakika ile ile, lakini hili lilikaa kimya limevaa nguo za ukweli.

Tukabadilisha mipangilio ya kompyuta zote saba, tukaandika upya. Wanne wakatokea. Na tarehe zilikuwa na ugonjwa huohuo: 03/12/2024 ilikuwa imegeuzwa kuwa tarehe 12 Machi, na 13/12/2024, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, ilikuwa imeachwa kama neno tu. Nikawapa njia ya kuzitambua: usipozigusa, namba hukaa kuume na maneno hukaa kushoto. Ukiona tarehe imesogea kushoto, ujue kompyuta haijui kuwa ni tarehe.

Nimelala nikiiwaza ile sifuri. Ingepelekwa ofisi ya zoni ya afya, ikaingizwa DHIS2, programu yenye mizizi Afrika Kusini ya miaka ya 1990 baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo, na ambayo leo ndiyo inayobeba takwimu za afya za Kongo nzima. Ingepanda hadi Kinshasa. Na huko juu hakuna hata mmoja aliyewapokea watoto wale kwa mikono yake, wa kusema hapana.

Jumatatu 27 Januari

Ujumbe wa shirika umeingia saa nne asubuhi, mistari mitano: kazi zote zisimame hadi taarifa nyingine. Tarehe 20 huko Washington ilitiwa saini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90 ili ichunguzwe, na fedha za kozi zangu za Kobo, sikujua hata, zilikuwa zinatoka huko. Siku kumi na moja kati ya kumi na tano zimekwenda.

Kijana wa manunuzi wa shirika hilo alipiga simu baadaye kuniomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kuuliza kuhusu malipo ya siku za maandalizi. Alivyokuwa anavuta pumzi kati ya neno na neno, nikamuuliza yeye je. Mkataba wake unaisha Ijumaa. Ana watoto wawili. Tukaagana bila kutaja malipo.

Na haya yote si kitu leo. Redio haijazimwa hapa nyumbani tangu alfajiri: waasi wa M23 wameingia Goma. Mtoto wa shangazi yuko hukohuko, mtaa wa Birere, simu yake inaita kisha inakatika. Nimeona haya kusimama mbele ya kalenda kuhesabu siku zangu wakati watu wanakimbia na magodoro kichwani. Hata hivyo nimezihesabu.

Ijumaa 31 Januari

Pesa ndani ya nyumba: dola 212 na franka 46,000. Kodi ya nyumba miezi miwili, unga, mafuta, karo ya mtoto wa marehemu kaka. Nimepiga hesabu kwenye karatasi, sikufungua kompyuta. Mtoto wa shangazi amepatikana, yuko hai.

Jumapili 16 Februari

Jana mkuu wa majeshi ya Uganda aliandika mtandaoni kwamba wote wenye silaha Bunia wana saa 24 kuziweka chini, la sivyo atashambulia. Kanisani leo nafasi nyingi zilikuwa wazi.

Mama yangu, aliyeiona 2003, vita vya hapa mjini na majeshi ya Ulaya ya Artemis kuja baadaye, hakuuliza swali hata moja. Alijaza maji madumu yote, akatenga unga, akaviweka viatu vya kila mtu mlangoni. Mimi nimenakili kozi zangu zote kwenye kle: Excel viwango vitatu, Kobo, uhasibu wa SYSCOHADA, mazoezi ya miaka minne. Nimeifunga kwenye kitambaa na kukishona kwenye pindo la kitenge. Kompyuta inaweza kuibwa. Mama alinitazama nikishona, akaniletea uzi mweusi, akisema mweupe unaonekana.

Jumatano 19 Februari

Wanajeshi wa Uganda wako mjini, jeshi lao limethibitisha. Soko limefunguliwa. Madumu bado tumeyaacha yamejaa.

Alhamisi 27 Februari

Leo nimeitwa na Mama wa vitenge, yule mwenye duka karibu na Boulevard de la Libération, anayeleta mzigo kutoka Kampala kupitia Mahagi. Nilidhani anataka nimrekebishie simu. Akanionyesha mabuku matatu: moja la dola, moja la franka, moja la shilingi za Uganda. Ananunua kwa shilingi, anauza kwa franka, anaweka akiba kwa dola, na kila mwisho wa mwezi anakaa usiku mzima akijaribu kujua kama amepata au amepoteza.

“Mtoto wangu, wewe unafundisha wazungu masini. Mimi je?”

Nikamwambia nafundisha Wakongo wenzetu, ila mashirika ndiyo yanayolipa. Akauliza kwa siku nachukua ngapi. Nikataja bei ya shirika. Alinyamaza kidogo, kisha akanisogezea kiti na kuniagizia chai, kama mtu anayempa pole mwenzake.

Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa, wanawake ishirini na watano, wa sanduku lenye kufuli tatu. Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991 na umetapakaa Afrika nzima. Hapa Bunia karibu kila mtaa una wake. Baadhi ya wanakikundi ni waliokimbia vijiji vya Djugu na wanapanga vyumba mjini. Amesema kumi na wawili watasoma, kila mmoja atatoa franka 5,000 kwa wiki, nije Jumatano na Jumamosi saa tatu tatu kila siku. Hiyo ni franka 60,000 kwa wiki, kama dola 21. Shirika lingenilipa zaidi ya hizo kabla ya chakula cha mchana.

Nimekubali pale pale. Nimerudi kwa miguu nikipiga hesabu, na kila nikiipiga haitoshi, na bado sijaona sababu ya kurudi nyuma.

Jumatano 12 Machi

Nataka kuandika somo la leo lote, nisisahau.

Tumefika kwenye kiwango cha kubadilishia. Nilikuwa na mfano wangu wa zamani wa mashirika, wa bajeti na asilimia, nikauacha begini. Nikamwomba Mama wa vitenge anisomee mauzo ya jana. Tukayapanga kwenye safu ya B kwa franka: 57,000, 28,500, 14,250. Kiwango cha leo, 2,850 kwa dola moja, tukakiweka peke yake juu, E1. Nikawaambia: gawanya B2 kwa E1. Ikatoka 20. Makofi. Kisha nikawaambia waiburute hesabu ile chini, na kioo kikajaa alama za kosa.

Naipenda dakika hii na naiogopa. Kwenye kozi za ofisini, hapa ndipo watu hunakili jibu langu bila kuelewa na kuendelea. Mpya akitaka kuelewa lazima aone kwamba kompyuta ilipoteremka mstari mmoja kwenye mauzo, iliteremka mstari mmoja na kwenye kiwango pia. Ilikwenda E2, ikakuta patupu, ikagawanya kwa kitu kisichokuwepo. Haikukosea. Ilifuata mwendo uleule iliofundishwa.

Dawa yake ni kuandika $E$1. Nikaiandika ubaoni.

Papo hapo mhazini wa kikundi akainua mkono. Ni mwanamke wa Djugu, alisoma hadi darasa la sita, anauza samaki wa Tchomia, na ana kipaji cha hesabu ambacho sijakiona kwa wengi wenye digrii.

“Mwalimu, hii dola ya nini? Si vitu tuliuza na franka?”

Kumi na mmoja wakaitikia kwa vichwa. Na wana haki! Katika mji ambao kila mtu hulala na kuamka na bei ya dola, umeandika alama ya dola mbele ya jicho lake, halafu unamwambia si pesa. Miaka minne nimefundisha alama hii, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza swali hili wazi. Wangapi walilificha? Nikakumbuka mhasibu mmoja wa zamani aliyekuwa anaziweka alama hizo kwenye mafaili ya dola tu, na kwenye ya franka anaandika kila mstari kwa mkono. Nilimwona mvivu wa kuelewa. Kumbe alikuwa ameelewa kitu kingine kabisa, na kwa mantiki nzuri.

Nikaanza kueleza: hii si pesa, ni alama ya kuzuia, ni kama msumari. Nikaona macho yao bado yako mbali. Msumari unapigilia nini? Mhazini akaniangalia, akaangalia kioo, akasema polepole:

“Ni kama mbuzi.”

Kimya.

“Mbuzi ukimwacha, anakufuata. Ukishuka mtoni, naye anashuka. Sasa wewe unataka ushuke, yeye abaki. Si unamfunga kwenye kigingi?”

Kigingi! Nikamwomba aje ubaoni aendelee, nikaketi mahali pake. Akawaeleza wenzake kwamba kile kiwango ni mbuzi wa E1, na kila alama ni kigingi kimoja: kimoja kinamzuia asiende kando, cha pili kinamzuia asishuke. Mwingine akauliza, kama nataka ashuke lakini asiende kando? Akajibu: toa kigingi cha pili. Hilo ni somo la siku ya tatu katika kozi yangu ya kiwango cha pili, la E yenye alama moja, ambalo watu wa ofisi hulirudia mara nyingi na bado huwachanganya. Amelifikia mwenyewe kwa dakika moja, kwa sababu amewahi kufunga mbuzi.

Halafu nikawaambia wabadilishe 2,850 iwe 2,900. Safu nzima ya dola ikabadilika kwa mpigo mmoja. Mama wa vitenge akaweka mkono mdomoni. Akarudisha 2,850, akaweka tena 2,900, akarudisha. Akasema: “Kumbe kila siku kiwango kikipanda, hii yote inapotea bila mimi kujua.” Hapo hakukuwa tena na somo la Excel, kulikuwa na mfanyabiashara anayeuona mwaka wake.

Nimefika nyumbani usiku, nimefungua kabrasha la kozi, nimefuta neno “msumari” kila lilipo. Nimeandika kigingi.

Jumamosi 29 Machi

Umeme umekatika mara nne. Bwawa la Budana, kwenye mto Shari, lilijengwa na Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, na sisi wa mjini hatujawahi kupata umeme wa kututosha. Mdogo wangu ametuazima paneli na bateri, tumefundisha kwa kompyuta tatu badala ya tano.

Mtu ameleta kle yenye virusi, vile vinavyoficha mafaili na kuacha vivuli vyake. Hakuna kilichopotea, nimewaonyesha namna ya kuyafichua. Ila kompyuta ya pili, ile kuukuu, haijawaka tena tangu mchana. Fundi anataka dola 40. Hiyo ni karibu wiki mbili za kikundi.

Jumanne 15 Aprili

Naandika kamusi yangu ndogo, safu tatu: Kifaransa, Kiingereza, Kiswahili. Safu mbili za kwanza ni rahisi. Tena Excel yenyewe inasaidia, faili lenye SUM ukilifungua kwenye kompyuta ya Kifaransa linageuka SOMME lenyewe, na jibu halibadiliki. Safu ya tatu ndiyo inayonikesha.

Maneno si kwamba hayapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa OpenOffice ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004, wakati mimi bado niko sekondari na vita vya Ituri, mkoa wetu, havijatulia. Watu walikaa wakatafuta neno kwa kila menyu. Tanzania wanasema kipanya, Kenya wengine wanasema puku, na kompyuta wanaiita tarakilishi. Hapa Bunia tunasema suri, ekrani, klaviye, tulivyoyapokea kutoka Kifaransa. Nchi yetu imekitaja Kiswahili katika katiba kuwa moja ya lugha nne za taifa, lakini sijawahi kuona fomu ya ofisi iliyoandikwa kwacho. Watu wanakiongea sokoni na nyumbani, wakifika mbele ya kompyuta wanakivua mlangoni kama viatu.

Nimejiwekea kanuni: neno linaingia kwenye kamusi likirudi lenyewe wiki ya pili, mwanafunzi akilitumia bila mimi kulitaja. Kipanya limerudi, wanalipenda kwa kuwa linafanana na chenyewe. Tarakilishi halikurudi. Safu limerudi. Seli halikurudi kabisa, wanasema “nyumba”: nyumba B4, nyumba E1, na Excel yote ni mtaa. Nimeliacha nyumba. Kwa fomula nilipendekeza kanuni, wao wanasema “amri”, kwa sababu inaanza na alama ya sawasawa na baada ya hapo kompyuta inatii. Hilo nalo ni lao.

Mwenzangu mmoja mkufunzi, ambaye namheshimu, ananiambia nawaharibu. Anasema kesho wakitafuta kazi wataulizwa “cellule”, hawataulizwa nyumba. Ana haki nusu. Ndiyo maana safu ya kwanza ya kamusi ipo, na kila Jumamosi nawasomesha maneno ya Kifaransa kwa sauti. Lakini nimewaona watu wanaojua neno cellule na hawajui kitu kilichomo ndani yake. Mimi nataka waanze na kitu.

Jumamosi 17 Mei

Mapema mwezi huu serikali imeipa Starlink leseni, mwaka mmoja na kitu baada ya kuipiga marufuku. Vijana wanauliza kila siku bei. Kwangu ingemaanisha kufundisha watu wa Aru na Mahagi bila kuomba Mungu anifikishe kwa barabara. Bado naiangalia kwa mbali.

Mteja mmoja wa mwaka jana hajanilipa tangu Novemba, siku nne za kazi. Kila nikienda naambiwa mtu wa kusaini hayupo. Leo nimekaa kwenye benchi lao saa mbili na nusu. Nimetumia muda huo kuandika mazoezi sita ya kikundi kwenye buku.

Jumatano 25 Juni

Miaka mitano leo tangu Ebola itangazwe kuisha huku kwetu na Kivu Kaskazini. Ilitangazwa 1 Agosti 2018, ikaenda hadi 25 Juni 2020: wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287.

Excel niliijua hapo. Nilichukuliwa kuingiza data kwa sababu nilikuwa nachapa haraka. Orodha ile ilikuwa ndefu kuliko kioo chochote: umri, kijiji, tarehe ya dalili, tarehe ya kuzikwa. Kila mstari mtu. Aliyekuwa ananifundisha, Papa mmoja mpole kutoka Kisangani, alikuwa na desturi moja tu aliyoishikilia kama sheria: kabla ya kutuma, nenda hadi mstari wa mwisho kabisa wa orodha, uhakikishe na huyo amehesabiwa. Alisema wa mwisho ndiye anayeachwa, kwa sababu ameandikwa jana usiku na mtu aliyechoka.

Nimelifundisha hilo kila mahali. Kwenye kikundi nimelisema mara moja tu, mwezi wa nne.

Jumamosi 28 Juni

Mgao. Mwaka wa kikundi umeisha, sanduku limefunguliwa mbele ya wote, wenye funguo watatu wamesimama. Pesa zimehesabiwa mara mbili: franka 3,616,000, mtaji na faida na faini ndani. Mimi nilikaa nyuma kama mgeni, ndivyo walivyotaka.

Mhazini alikuwa mbele ya kompyuta, buku la zamani pembeni yake. Hisa kwenye buku: 640. Hisa kwenye kompyuta: 626.

Manung'uniko yakaanza. Mwanamke mmoja akasema waliambiwa masini haiongopi. Nikainuka. Mhazini bila kugeuka akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi.

“Mwalimu, usiguse.”

Nikaketi. Akawa anashuka na kidole kwenye kioo, jina kwa jina, hadi chini kabisa. Akasimama hapo. Mwanachama wa ishirini na tano ni bibi mmoja aliyekimbia Djugu, aliingia kikundini Februari wenzake wakiwa wameshaanza. Aliandikwa mstari wa 26. Amri ya kujumlisha iliishia mstari wa 25.

“Hayumo,” mhazini akasema. “Ameandikwa lakini hayumo.”

Akaifungua amri, akafuta 25, akaandika 26 kwa kidole kimoja. Ikatoka 640. Akagawanya: franka 5,650 kwa hisa. Akapiga mstari kwenye buku kwa biki nyekundu, akaandika neno “sawa”, akatia saini, wenye funguo nao wakatia.

Kisha akasema kwamba leo mgao utaanzia chini. Akamwita yule bibi kwanza, hisa 14, franka 79,100. Alizihesabu mara mbili mbele yetu, akazifunga kwenye ncha ya kitenge, akauliza wiki ijayo akija na mjukuu wake kama kutakuwa na kiti.